Boga Lililoshiba Hadi Likapasuka

Mwaka 2021, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, mkulima mmoja alipeleka kwenye mashindano boga la kilo 1,143. Mchapaji hajakosea. Ni boga moja, la kikonyo kimoja. Lingekuwa Tanga au Mombasa wakati wa Ramadhani, mtaa mzima ungefuturu boga la nazi mwezi mzima na daku ikabaki. Majaji walilizunguka, wakainama, wakachungulia, kisha wakaona ufa. Ufa wenyewe haukuzidi ukucha wa kidole. Boga likaondolewa mashindanoni.

Msimu huo huo, katika mashindano ya Half Moon Bay huko California, mshindi alikuja na boga la kilo 994, yaani karibu kilo 150 pungufu, akaondoka na dola 19,719. Dola hizo za reja reja zinatokana na utaratibu wa pale: zawadi hulipwa kwa uzito, dola 9 kwa kila ratili, na ratili haifiki hata nusu kilo. Kwa bei hiyo boga la Wisconsin lingemletea mwenyewe dola 22,680.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Inaelekea hawakuwahi kulima maboga ya aina hii. Hapa ufa hauzibiki na ukuta haujengeki. Kinachobaki ni kumpigia simu mwenye trela na kumwambia asisumbuke.

Sheria yenyewe ni fupi. Great Pumpkin Commonwealth, jumuiya inayosimamia mashindano haya katika nchi nyingi, inataka boga liwe zima. Mikwaruzo na nyufa za juu juu husamehewa. Tundu au ufa ukipenya hadi kwenye uwazi wa ndani, zinakokaa mbegu, boga halihesabiwi, hata kama tundu hilo halipitishi zaidi ya sindano. Kwa hiyo kabla ya mzani kuna ukaguzi. Boga hufungwa mikanda mipana inayokutana kwenye pete ya chuma, kreni inalinyanyua polepole, na mtu mzima, mwenye kazi yake na familia yake, anajikunja chini ya tani moja ya boga ili kuliangalia kitako. Mkulima anasimama pembeni na mikono kifuani. Hapo ndipo wengi hujua kwa mara ya kwanza kwamba chini kulikuwa na jambo.

Linalochekesha, na linalouma, ni kwamba boga hili halipasuki kwa kutunzwa vibaya. Boga lililosahauliwa nyuma ya choo, linalonyweshwa na mvua tu, hukaa zima hadi linachumwa. Linalopasuka ni lile lililokula likashiba, likalazwa kivulini na kupimwa kila jioni. Ufa ni ugonjwa wa waliobahatika.

Ili kuelewa jinsi watu wazima walivyofika hapa, sharti kurudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliyetamba alikuwa William Warnock, mkulima wa Goderich, Ontario, nchini Kanada. Boga lake la mwaka 1900 lilipelekwa kwenye maonesho ya Paris likiwa na kilo 181, na baadaye akafikisha kilo 183. Rekodi hiyo ikakaa hadi mwaka 1976. Vita viwili vya dunia vilipita, binadamu akatua mwezini, na boga la Warnock bado lilikuwa halijafikiwa.

Kisha akaja Howard Dill wa Windsor, Nova Scotia, Kanada pia. Kwa miaka mingi alichagua mbegu za maboga yake bora na kuzichanganya, hadi akapata aina iliyoitwa Atlantic Giant. Alishinda miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na mwaka 1981 aliweka rekodi ya dunia kwa boga la karibu kilo 224. Tangu hapo mwendo ukawa wa kukimbizana. Mwaka 1996 boga la kilo 481 lilipimwa Marekani. Mwaka 2012 Ron Wallace wa Rhode Island akafikisha kilo 911. Mwaka 2014 Beni Meier wa Uswisi akavuka tani, kilo 1,054. Mwaka 2016 Mbelgiji Mathias Willemijns akaja na 1,190.5, mwaka 2021 Mtaliano Stefano Cutrupi akaleta 1,226, na mwaka 2023 Travis Gienger wa Minnesota akafikisha 1,247. Oktoba 2025, Ian na Stuart Paton, ndugu mapacha wa Lymington, Uingereza, ambao wamelima maboga kwa zaidi ya miaka 50, wakaweka kwenye mzani kilo 1,278.8. Karibu wote hawa wanalima uzao wa mbegu za Dill.

Uzao huo umebadilika wapi? Mwaka 2015 mtafiti Jessica Savage na wenzake walilinganisha maboga makubwa na ndugu zao wadogo. Wangetegemea kukuta majani ya boga kubwa yanatengeneza sukari kwa kasi zaidi. Hawakukuta hivyo. Walichokuta ni mabomba: ile mishipa inayosafirisha maji yenye sukari kutoka kwenye majani hadi kwenye tunda ilikuwa mingi zaidi. Miaka yote ile ya kuchagua mbegu, wakulima walikuwa wanapanua mabomba bila kujua. Tunda la mabomba hayo, katika wiki zake za kukua kwa kasi, huweza kuongeza zaidi ya kilo 20 kwa siku. Ni kama kilo moja kila saa, usiku na mchana, wakati mwenye shamba amelala.

Tatizo ni kwamba kukua kwa ndani na kukua kwa nje haviendi sambamba. Mwanzoni tunda hukua kwa chembe zake kugawanyika; baadaye hukua kwa chembe hizo kujaa maji na kutanuka. Nyama ya ndani ni laini, inakubali kujazwa. Ganda la nje linakabiliwa na jua, upepo na baridi, na kadiri siku zinavyokwenda linakaza na kukataa kuvutika. Ni kama suruali ya sikukuu ya mtoto: fundi aliipima vizuri Idi iliyopita, lakini aliye ndani yake hajaacha kula. Mshono hauachii mtoto akiwa amesimama. Huachia siku ameinama kufunga viatu, mbele ya wageni.

Kwa boga, siku ya kuinama ni siku ya mvua. Mkulima yeyote wa nyanya, awe Lushoto au Kirinyaga, anaijua habari hii: kiangazi kikavu, halafu mvua kubwa ya ghafla, na asubuhi nyanya zilizokuwa zinasubiri soko zina mistari iliyochanika kuzunguka kikonyo. Mizizi imekunywa kwa pupa, maji yamefika kwenye tunda, ganda lililokomaa halikuwa tayari. Kabichi nayo hufanya vivyo hivyo. Mei 2011, katika mji wa Danyang mkoani Jiangsu, China, matikiti yalipasuka mashamba kwa mashamba. Baadhi ya wakulima walikuwa wameyanyunyizia forklorofenuroni, dawa ya kuharakisha kukua, tena wakati usiofaa, kisha mvua ikanyesha. Vyombo vya habari vya dunia vilizungumzia matikiti yanayolipuka. Wakulima waliishia kuwalisha nguruwe na samaki.

Basi kazi ya mwenye boga kubwa inakuwa kuzuia mshtuko wowote. Maji hayatolewi kwa ndoo siku mtu akikumbuka. Yanakwenda kila siku, kwa mpira wa matone, kiasi kile kile. Mvua ikitabiriwa, wengine hufunika udongo kwa nailoni ili shamba lisinywe kuliko lilivyozoea. Mbolea ya naitrojeni inapimwa kwa mkono wa birika, kwa sababu ikizidi tunda hukimbia kuliko ganda lake. Wapo waliochoka kubishana na mawingu wakaingia ndani: mapacha wa Paton hulima kwenye banda la kioo.

Jua nalo lina kesi yake. Likilipiga ganda moja kwa moja, linalikausha na kulikomaza kabla ya wakati. Kwa hiyo tunda hujengewa kibanda cha turubai au kufunikwa shuka jeupe mchana kutwa. Usiku, joto linaposhuka, huongezewa blanketi, maana kupanda na kushuka kwa joto kwa ghafla kunalichosha ganda. Jirani anayepita jioni anamwona mtu mwenye heshima zake akiinama bustanini, akifunika boga kwa blanketi la kitandani na kubana ncha zake chini vizuri, upepo usije ukaingia. Wakulima wenyewe hawaoni cha kuchekesha. Wengi wameyapa maboga yao majina. La Gienger la mwaka 2023 liliitwa Michael Jordan, na la mapacha wa Paton la mwaka 2025 liliitwa Muggle.

Sehemu inayowakosesha wengi usingizi ni kikonyo. Boga dogo hukaa mbali na shina linalotambaa, wakiheshimiana. Boga likianza kuongeza kilo 20 kwa siku, mabega yake yanapanda na kusogea hadi yanalisukuma shina lililolizaa. Shina limejishikiza ardhini kwa mizizi midogo kila baada ya hatua, haliwezi kuhama. Likisukumwa kupita kiasi, ama shina linakatika, ama kikonyo kinachanika pale kinapoungana na tunda. Kwa hiyo mkulima hulikunja shina mapema, tunda likiwa bado la kushikwa kwa kiganja, ili kikonyo kisimame pembe mraba na shina. Kisha hung'oa ile mizizi midogo iliyo karibu na boga, mmoja baada ya mwingine, ili shina liweze kuinuka tunda litakapolinyanyua. Kazi hiyo hufanywa kwa magoti, kisu kidogo mkononi, pumzi imebanwa. Kisu kikiteleza kidogo, msimu umekwisha na mwenye kulaumiwa anajulikana.

Chini nako kuna siri. Boga la kawaida ni duara. Mwaka 2011 David Hu na wenzake wa chuo cha Georgia Tech walichunguza maumbo ya maboga makubwa wakaonesha jinsi uzito wenyewe unavyolibonyeza tunda likiwa bado linakua: kadiri linavyokuwa zito ndivyo linavyolala na kutandaa ubavuni. Kutandaa huko kunahitaji kitako kiteleze. Kikinata kwenye udongo, upande mmoja unavutwa na mwingine umeshikwa, na hapo kinachanika mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Ndiyo maana boga hutandikiwa mchanga au kitambaa kigumu cha plastiki tangu likiwa dogo, kabla halijawa kitu cha kuinuliwa na kreni.

Kuna pia ile mistari ya duara inayojichora kuzunguka kitako au kikonyo, mahali ambapo ganda limedhoofika. Wakulima huiita pete za Dill. Mzee aliipa dunia mbegu iliyotoa tani nzima ya tunda, na dunia, kwa shukrani, ikaliweka jina lake mahali pa kuanzia ufa.

Sasa njoo kwenye asubuhi yenyewe. Ni Agosti. Mkulima anashuka bustanini na kikombe cha kahawa na futi ya kupimia. Anakunja blanketi kutoka upande wa kikonyo. Ganda lina umande, rangi yake ya chungwa iliyopauka inapendeza. Anapitisha mkono begani, anashuka ubavuni, anafika kwenye mfuo mmoja kati ya mifuo mirefu inayogawa tunda, na kidole kinaingia. Kinaingia hadi kwenye fundo la pili. Kingo za mpasuko ni kali na safi, nyama ya ndani ni ya manjano mbivu, na majimaji yenye sukari yametiririka hadi mchangani, ambako sisimizi wameshapanga foleni. Wengine husema waliusikia usiku: kishindo kimoja kikavu, kisha kimya. Mkulima hunywa kahawa yake. Hakuna lingine la kufanya.

Kama mpasuko haujapenya ndani, huduma ya kwanza huanza. Jeraha hukaushwa kwa feni inayopuliza usiku na mchana. Hupakwa ujiuji wa dawa ya ukungu, maana kinachoua boga lenye ufa wa juu ni kuoza. Maji hupunguzwa, ingawa kupunguza maji ni kupunguza kilo, na kilo ndizo zilizomleta mkulima hapo. Hii ndiyo hesabu inayowatesa wakulima wote wa maboga makubwa. Akilipa maji kidogo, tunda linabaki zima na dogo, halimpeleki popote. Akilipa mengi, linakwenda mbio kuelekea rekodi na kuelekea ufa kwa njia ile ile. Wanaoshinda hulisukuma hadi karibu kabisa na mahali linapopasukia, na hawajui mahali hapo ni wapi hadi wapite.

Hata lililosalimika shambani bado lina safari. Gienger alilisafirisha Michael Jordan kwa barabara kutoka Minnesota hadi California, zaidi ya kilomita 3,000. Tunda lililofunikwa na kutandikiwa msimu mzima linawekwa juu ya gari na kukabidhiwa kwa matuta, mashimo na madereva wa watu wengine. Mwenye boga huendesha taratibu, macho yakienda barabarani na kwenye kioo cha nyuma kwa zamu.

Boga lililoshindwa halikosi matumizi. Huko Windsor, mji wa Dill, mwaka 1999 watu walianza kukata maboga makubwa sehemu ya juu, kuyakwangua ndani, kuingia na makasia na kushindana ziwani. Anayeshinda hulowa, anayeshindwa hulowa zaidi. Katika bustani ya wanyama ya Oregon, mjini Portland, maboga makubwa hupewa tembo kila Oktoba. Tembo huweka mguu juu, tunda linapasuka kwa mlio, na watazamaji wanashangilia. Ni mahali pekee ambapo mkulima anaweza kusikia sauti ile bila kushika kichwa.

Thamani kubwa zaidi, hata hivyo, imo ndani. Mbegu za maboga haya huitwa kwa uzito na jina la mwenyewe: boga la ratili 2,145 la mkulima aitwaye McMullen, kwa mfano, mbegu zake ni 2145 McMullen, na watu wa fani wanalitaja jina hilo kwa adabu. Mwaka 2016 mbegu moja iliyonunuliwa kwa pauni 1,250 ilipandwa na Matthew Oliver katika bustani ya Hyde Hall, Essex, Uingereza, ikatoa boga la kilo 605. Lile lililopasuka nalo halinyimwi ukoo. Jina lake huandikwa kwa uzito uliokadiriwa, na pembeni alama inayosema liliharibika.

Mtu wa kawaida angedhani alama hiyo inafukuza wateja. Wapo wanaoitafuta. Wanajiuliza: boga lililopasuka Agosti, likiwa na wiki kadhaa mbele yake na kilo mia nane tayari, lilikuwa linaelekea wapi? Wananunua mbegu ya tunda lililoshindwa kujizuia, wakiamini kwamba kwao litajizuia. Mwezi Aprili wanasugua ukingo wa mbegu hiyo kwa msasa ili maji yapenye, wanaipanda kwenye kopo lenye joto, kisha wanakwenda dukani kuulizia bei ya mablanketi.